Pindo la Vidole Vitatu

Si cherehani iliyonijia kwanza,
wala futi iliyoning'inia shingoni mwake mchana kutwa
hata tukadhani amezaliwa nayo.
Lilinijia goti.
Goti la kulia, gumu kwa kukanyaga pedeli,
nilikoegemea kila Alhamisi baada ya alasiri
nisukwe nywele.

Mama alikwisha kwenda. Mimi miaka sita, Zena minne,
na vichwa vyetu kama makumbi.
Shangazi wakasema: tuletee sisi.
Baba akasema: nimeshona suruali za mudiri,
nitashindwa na nywele za wanangu?
Akaenda kwa Bi Nuru, akakaa mkekani,
mtu mzima na ndevu zake,
akajifunza njia tatu kwa nyuzi za katani.

Wiki za mwanzo tulikwenda chuoni
kama vifaranga walionyeshewa.
Kisha siku moja njia ikanyooka
kama mshono wa kanzu ya Idi.
Wa barazani pale Langoni wakacheka:
"Shebwana, leo wapima vichwa?"
Hakuinua uso. Alikuwa na chanuo kinywani,
mahali pa pini.

Alikaza. Mola amrehemu, alikaza
mpaka nyusi zikapanda, tukawa kama tunauliza swali.
Tukilia: "Uzi uliolegea haumvishi mtu."

Kila Januari watoto wa mji walisimama juu ya debe lake.
Aliandika kwa chaki ukutani: bega, kifua, urefu,
na kwenye urefu akaongeza vidole vitatu, kimya kimya.
Pindo. La ndani, lisiloonekana.
Mama zao walinung'unika, kitambaa chapotea bure.
"Mtoto haombi ruhusa kukua," aliwajibu,
"na mwakani huenda mkono ukawa mtupu."

Hakuwa malaika. Nilipoolewa Faza
alininunia mwaka mzima,
akauita ule upande wa pili wa dunia.
Barke alipozaliwa akapanda boti na mfuko wa vinguo
vya kumtosha mtoto mpaka aote meno,
akasema amekuja kumtazama mkwewe.

Macho yalikwisha ingia ukungu.
Alitunga uzi kwa kulamba, kwa kubahatisha,
kwa matusi madogo madogo
ambayo Barke aliyajua yote kabla ya kujua kusoma.

Siku yenyewe wakaingia wanaume na kafuri.
Nikasimama nje ya mlango.
Kichwa changu alikiosha yeye miaka minane;
chake haikuwa zamu yangu.
Nilisikia maji tu. Nikahesabu kata, moja moja,
mpaka hesabu ikanipotea.
Walipokwisha mtoa nikabaki na ubani
na ukuta wa chaki. Hakuna aliyethubutu kuufuta.

Juzi shule zimefunguliwa.
Gauni la Barke limepanda juu ya goti.
Nikaligeuza. Pindo lilikuwapo.
Nikaweka vidole kama alivyonifundisha:
kimoja, viwili, vitatu,
na kitambaa kikaendelea.
Vinne. Vitano.
Baba, ulijua.

Huko ndani buluu ilikuwa mbichi, haijaona jua.
Nikashika wembe, nikauweka chini.
Kila tundu ni mkono wake;
nikikata, nakata nini?
Nikainuka kuteleka chai isiyotakiwa na mtu.

Niliporudi Barke alikuwa amekaa sakafuni,
gauni mapajani, ulimi nje,
anafumua kwa sindano, tundu kwa tundu,
na uzi anauzungusha kwenye kidole.
"Babu alishona tufumue," akasema,
wala hakuniangalia.

Nimepiga pasi mara tatu, na maji ya chumvi.
Mstari wa pindo la zamani haukutoka.
Asubuhi amekwenda nao shule,
umemzunguka chini ya goti,
pale alipokuwa ameishia Babu akiwa hai.